Hamlet alimkuta Claudius amepiga magoti, akachomoa upanga, akaurudisha. Kwa nini?

#1 Kalamu Nyeusi
Wakuu, habari za wakati huu.

Tuizungumze Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, tendo la 3, onyesho la 3. Mzuka wa baba yake umeshamwambia Hamlet kwamba Claudius, ndugu wa baba, ndiye aliyemuua, kisha akachukua kiti na kumwoa mjane Gertrude, mama wa Hamlet. Mfalme Claudius yuko peke yake, kapiga magoti, anajaribu kusali. Mlinzi hakuna. Hamlet anapita akielekea chumbani kwa mama yake, anamkuta kampa kisogo. Mchezo wa mtego, ambao Hamlet aliuandaa uigize mauaji hayo mbele ya mfalme, umechezwa usiku huohuo, mfalme akainuka katikati akidai taa, kwa hiyo shaka ya Hamlet imekwisha. Anachomoa upanga. Halafu anaurudisha alani.

Sababu anayojipa: ukimuua mtu anayesali, roho yake inapaa mbinguni, na huo utakuwa ujira, si kisasi. Heri amngoje akiwa mlevi, au ana ghadhabu, au yumo kwenye raha za kitanda chake cha haramu, au anacheza kamari huku anatukana, ndipo amtumbukize motoni moja kwa moja.

Sasa hesabuni waliokufa baada ya upanga kurudi: Polonius mshauri wa mfalme, binti yake Ophelia, marafiki wawili Rosencrantz na Guildenstern, Gertrude, Laertes mwana wa Polonius, na Hamlet mwenyewe. Saba, na Claudius simhesabu. Msimamo wangu: damu hizo saba ziko shingoni mwa Hamlet, na habari ya mbingu na moto ni kisingizio cha mtu ambaye hakutaka kuua tangu mwanzo. Mwenye hoja tofauti aje.

#2 Sindano
Saba kwa upanga ambao haukutumika. Natandika mkeka hapa, chai iko njiani.

#3 Wakili wa Mtaani
Si kisingizio, mkuu. Rudi tendo la 1, onyesho la 5, usikilize mzuka unalalamikia nini. Halalamiki kuuawa tu. Analalamika kwamba aliuawa usingizini bustanini, bila komunyo, bila maungamo, bila mpako wa wagonjwa, dhambi zake zote zikiwa bado kichwani. Ndiyo maana yuko toharani, mchana anaungua, usiku anazurura.

Kwa hiyo Claudius hakuchukua uhai peke yake. Alimnyima kaka yake nafasi ya kutubu. Hamlet anafanya hesabu ya kisasi: aliyefanyiwa baba afanyiwe na muuaji. Baba yuko kwenye moto, muuaji apelekwe peponi na mtoto wa marehemu? Hesabu ni ya kutisha, nakubali, lakini imenyooka. Mtu anayetafuta kisingizio hatoi hesabu iliyonyooka hivyo.

#4 Kobe Taratibu
Mleta mada, hoja yako ina zaidi ya miaka 200 na ina mwenyewe. Mhakiki Samuel Johnson, katika toleo lake la 1765, alisema maneno ya Hamlet hapo yanatisha mno kusomwa au kutamkwa. Aliyachukua kama yalivyo. Mshairi Coleridge akaja akasema Johnson kakosea, kwamba kinachoonekana pale ni kusitasita tu, na ule ukatili wa maneno ni vazi. Wewe uko kwa Coleridge, #3 yuko kwa Johnson ila yeye hakutishika.

Angalizo langu kwa kambi ya Coleridge: ni rahisi mno kumwokoa mhusika tunayempenda kwa kusema "hakumaanisha". Mbona Claudius akisema jambo baya hatusemi hakumaanisha?

#5 Sindano
#4 kapiga chini ya mkanda.

#6 Taa ya Jukwaa
Naongea upande wa jukwaa, maana onyesho hili huharibikia mahali palepale kila mara.

Claudius ana mistari kama 37 kabla ya Hamlet kuingia. Hamlet ana kama 24. Kisha Claudius anabaki na miwili ya mwisho. Hiyo miwili ndiyo roho ya onyesho: anasema maneno yake yanapaa, mawazo yake yamebaki chini, na maneno yasiyo na mawazo hayafiki mbinguni. Yaani sala haikupokelewa. Hamlet angepiga upanga pale, angempeleka hukohuko alikotaka kumpeleka.

Kosa la kwanza: mwongozaji anamwacha Claudius ananong'ona sala kwa sauti wakati Hamlet anasema. Watazamaji wanajigawa, na ile mistari miwili inawapita. Claudius akae kimya kabisa, asitikisike. Kosa la pili: Claudius anainuka kabla Hamlet hajatoka. Mpe Hamlet hatua tatu nje ya mwanga kwanza.

La tatu ni umbali. Ukimweka Hamlet hatua moja nyuma yake, ncha ikikaribia shingo, watazamaji watasoma woga, hata useme nini. Ukimweka mbali, karibu na mlango wa nyuma, anaongea kama mtu anayepiga hesabu dukani. Kwa hiyo #1 na #3 mnabishana juu ya jambo ambalo karatasi haikuliamua. Mita tatu za jukwaa zinaliamua.

#7 Nyundo ya Hoja
Wote mmeruka kitu kikubwa: USHAHIDI. #1 anasema "shaka imekwisha". Imekwisha kwa nani?

Mzuka ulionekana na watu wanne: walinzi Marcellus na Barnardo, Horatio rafiki wa Hamlet, na Hamlet. Ila maneno ya mauaji aliyasikia Hamlet peke yake. Na mwisho wa tendo la 2 yeye mwenyewe anasema huenda ni shetani amevaa sura ya baba ili ampoteze. Hiyo hofu si ya kubuni. Hamlet na Horatio wanasoma Wittenberg, chuo cha Luther. Kanisa la Uingereza lilikwisha kuikataa toharani rasmi katika kanuni zake za 1563. Mprotestanti wa siku zile akiambiwa "mimi ni baba yako, nimetoka toharani", jibu alilofundishwa ni kwamba hakuna mahali hapo, kwa hiyo anayesema ni pepo mchafu.

Halafu ule mtego. Hamlet anawatangazia watazamaji kwamba mwuaji katika mchezo, Lucianus, ni MPWA wa mfalme. Si ndugu wa mfalme. Mpwa! Baraza zima la Denmark limeona mtoto wa kaka akimtishia baba yake mdogo hadharani. Mfalme akiinuka na kuondoka, nani atasema ni hatia? Watasema ametukanwa, tena ametishwa.

Angemchoma palepale kwenye sala, asubuhi angewaambia nini? "Mzuka uliniambia, na mchezo wa kuigiza ulithibitisha"?

#8 Pwani Mchangani
Nimependa #7. Naongeza upande wa sheria ya damu kama tunavyoijua sisi. Aya ya 33 ya sura ya 17 ya Qur'ani inasema aliyeuawa kwa dhulma, walii wake (msimamizi wa damu yake) amepewa mamlaka, lakini asipindukie mipaka katika kuua. Na 2:178 inafungua milango mitatu: kisasi, diya, au msamaha. Fakihi atakuuliza kwanza: kuna ungamo? Kuna mashahidi waadilifu? Nani ametoa hukumu? Mzuka si shahidi. Kuinuka kitini si ungamo.

Na kule kungoja mtu alewe ili aende motoni ndiko kupindukia hasa. Walii ana haki ya damu. Akhera si mamlaka yake.

Tatizo la Hamlet ni kwamba mtuhumiwa ndiye hakimu. Hana pa kupeleka kesi.

#9 Wakili wa Mtaani
#8 umenigonga pazuri, kwamba roho haimo kwenye haki ya walii. Hata upande wa pili, Warumi 12:19 inasema kisasi ni cha Bwana. Lakini hapo unamhukumu Hamlet, hujapinga kwamba ndiyo nia yake. Mimi nasema nia, wewe unasema uhalali.

#10 Mtu Kwao
Claudius kakiri wapi kwingine? Naona ushahidi wote wa watazamaji unatoka kwenye sala tu.

#11 Mtaka Cha Uvunguni
Hapana, #10. Amekiri kabla ya mchezo. Tendo la 3, onyesho la 1: Polonius anampa Ophelia kitabu cha sala ajifanye anasoma, anasema watu hufunika ushetani kwa uso wa ibada. Claudius, pembeni, anasema maneno hayo yameichapa dhamiri yake mjeledi. Anataja mzigo mzito. Hasemi mzigo gani.

Na tukiwa hapo, #1 usijenge picha kwamba mtego ndio uliomshtua mfalme. Uamuzi wa kumpeleka Hamlet Uingereza aliufanya katika onyesho hilohilo la 1, kabla mchezo haujaanza. Baada ya mchezo anaharakisha tu.

#12 Kobe Taratibu
Basi tuufungue mlango wa matatizo. Kabla ya mchezo wenyewe linatangulia igizo bubu: mfalme analala, mtu anaingia, anamvua taji, anamimina sumu sikioni, anamtongoza malkia. Kitu kizima, bila maneno. Claudius yupo. Hasemi lolote!

Mhakiki W. W. Greg mwaka 1917 akasema: basi hakuua kwa namna ile, na mzuka ulitoka kichwani mwa Hamlet. Mhakiki mwenzake John Dover Wilson akamjibu kwa kitabu kizima mwaka 1935: Claudius hakuliangalia igizo bubu, alikuwa anaongea. Wengine wanasema aliliona, akajikaza, mara ya pili akashindwa.

Nadharia ya Greg inakufa kwenye sala, maana Claudius mwenyewe anataja mauaji ya ndugu na laana ya Kaini. Ila angalieni: hataji sumu, hataji sikio. Njia aliyoitumia tunayo kwa kinywa cha mzuka tu.

#13 Taa ya Jukwaa
Kwa jukwaa igizo bubu lina dawa tatu, na kila moja ina gharama.

Kulikata. Rahisi, lakini unapoteza dakika ambazo watazamaji wanamwangalia Claudius badala ya mchezo.
Kumfanya anong'one na Gertrude. Inafanya kazi ukimweka kando. Ukimweka katikati ataonekana hana adabu kwa wageni wake.
Kumfanya aangalie yote bila kupepesa. Hii ndiyo ngumu na ndiyo tamu, kwa sababu mara ya pili ikija, kinachomvunja ni Hamlet kubwabwaja pembeni: "sasa hivi mtaona mwuaji anavyopata penzi la mke wa Gonzago", yaani yule anayeuawa katika mchezo. Kinachoshindwa pale ni uvumilivu wa mtu anayechokozwa.

Hapo hoja ya #7 inapata nguvu: Hamlet aliuharibu mtego wake kwa mdomo wake. Na Horatio, shahidi aliyewekwa maalumu kumwangalia mfalme, akiulizwa anajibu tu kwamba alimwona vizuri sana. Hasemi "ana hatia".

#14 Sindano
Horatio ni shahidi wa serikali. "Nilimwona." Ulimwona akifanya nini? "Nilimwona vizuri sana."

#15 Shangazi Debe
Wanaume mmejazana kwenye sala, mmemsahau Gertrude. Swali langu: alijua?

Twende na maandishi. Kuna chapa tatu za zamani: ya 1603, fupi, mistari kama 2,200; ya 1604, ndefu kuliko zote; na Folio, mkusanyiko wa tamthilia zake, ya 1623. Katika ile ya 1603 malkia anaapa waziwazi kwamba hakuyajua mauaji, anaahidi kumsaidia mwanawe, na kuna onyesho zima la yeye na Horatio ambalo halimo kwingine. Katika zile mbili ndefu hakuna kiapo. Kuna mshangao tu: Hamlet anamwambia tendo la kumuua Polonius ni baya karibu sawa na kumuua mfalme na kuolewa na nduguye, naye anarudia, "Kumuua mfalme?" Basi. Hamlet haulizi tena, anageukia maiti.

Mzuka unamwita Claudius mzinzi, lakini hausemi Gertrude alishiriki mauaji, na unamwonya mwana asimguse mama, amwachie Mungu. Mimi naamini hakujua. Kosa lake ni ndoa ya haraka.

#16 Mtaka Cha Uvunguni
Shangazi, "mzinzi" hapo inabishaniwa. Je, walianza kabla ya mauaji? Belleforest, aliyeisimulia hadithi hii kwa Kifaransa mwaka 1570, anasema walianza kabla. Shakespeare kalifunika.

#17 Mtu Kwao
Mimi hata hiyo ndoa sioni kosa. Kaka kafa, mdogo mtu anamchukua mjane, nyumba haivunjiki. Nusu ya Afrika inaijua. Mbona Hamlet analia maharimu?

#18 Shangazi Debe
Hujambo, Mtu Kwao. Umesema lilelile walilosema wazee wa Kitivi kule Nigeria. Mwanaanthropolojia Laura Bohannan aliwasimulia Hamlet, akaandika makala yake ya 1966: wazee wakamwambia Claudius kafanya vyema, na mjane asingengoja, nani angemlimia?

Lakini tamthilia iko London, karibu mwaka 1600. Henry wa 8 alimwoa Catherine, mjane wa kaka yake Arthur, mwaka 1509 kwa ruhusa ya Papa. Alipotaka kumwacha alishika Walawi 18:16 na 20:21, kwamba mke wa ndugu ni haramu. Waliompinga wakashika Kumbukumbu la Torati 25:5, inayomwamuru ndugu amwoe mjane asiye na mtoto. Ndoa ikabatilishwa 1533, na Elizabeth akazaliwa mwaka huohuo kwa mke wa pili. Sasa fikiri: malkia aliyekaa kwenye kiti wakati tamthilia inaandikwa, uhalali wake wote unasimama juu ya hoja kwamba kumwoa mke wa kaka ni haramu. Ukisema mbele ya watu wale "mbona ni halali", unauita utawala wao haramu.

Na hata kwa Torati, Gertrude ana mtoto.

#19 Pwani Mchangani
Kwa Waislamu mjane wa ndugu si maharimu, anaolewa, ila arithiwe kwa nguvu hapana (4:19), na kabla ya hapo kuna eda ya miezi minne na siku kumi (2:234). Hamlet anasema baba hajamaliza miezi miwili na ndoa imeshafungwa. Usiku wa mchezo Ophelia anamrekebisha kwamba sasa ni miezi minne. Maana yake hata usiku ule eda ilikuwa haijaisha.

#20 Sindano
Kwa hiyo Hamlet angemwita shehe badala ya waigizaji, mambo yangeisha mapema.

#21 Nyundo ya Hoja
😂😂 Turudi kwenye mada. Kuna jambo linafichwa na pande zote: kiti cha ufalme. Denmark ya tamthilia ilichagua mfalme. Hamlet hagusi suala hili waziwazi kwa muda mrefu sana, anasema baba, mama, baba, mama. Tendo la 5, onyesho la 2, akiwa na Horatio, ndipo linatoka: Claudius kaua mfalme wangu, kamfanya mama yangu kahaba, KAJIPENYEZA KATI YA UCHAGUZI NA MATUMAINI YANGU. Mwana wa mfalme, aliyepitwa. Mchimba kaburi anatupa umri wake: alianza kazi siku Hamlet alipozaliwa, na ana miaka 30 kazini. Si mtoto wa shule aliyesahauliwa.

#22 Kobe Taratibu
Umri huo nao usiuegemee sana. Chapa ya 1603 inasema fuvu la Yorick, mchekeshaji wa zamani wa mfalme, limekaa ardhini miaka 12, zile nyingine 23. Hamlet aliyebebwa mgongoni na Yorick anaweza kuwa chini ya 20. Ila hoja ya kiti naipokea, na ndiyo inayonifanya nisimwamini anapodai kila kitu ni kwa ajili ya baba.

#23 Kalamu Nyeusi
Nimesoma wote, shukrani. Sijahama. Hoja ya ushahidi (#7) ni nzuri kwa sisi tunaomtazama, lakini Hamlet mwenyewe kwenye sala HATAJI ushahidi. Baada ya mchezo kashasema neno la mzuka analinunua kwa pauni elfu. Na dakika chache baadaye, chumbani kwa mama, anasikia sauti nyuma ya pazia la ukutani, anachoma upanga bila kuangalia, kisha anauliza, "Ni mfalme?" Hapo mbona hakujali kama aliye nyuma ya pazia anasali au anatukana?

#24 Wakili wa Mtaani
Kwa sababu aliyejificha kupeleleza chumbani mwa mke hayumo katika sala. Hilo ni miongoni mwa mazingira aliyokuwa anayangoja. Linaendana na nadharia yangu kuliko yako: mtu asiyetaka kuua angechoma pazia?

#25 Mtaka Cha Uvunguni
Jibu la tatu: anaweza kuua asichokiona. Polonius nyuma ya pazia. Rosencrantz na Guildenstern kwa barua, baharini. Akimwona mtu shingo yake, anashindwa. Laertes naye kamjeruhi kwenye shindano la vitara la mwisho, katikati ya vurugu za vitara vilivyobadilishana mikono, bila kujua kwamba ncha ina sumu.

#26 Shangazi Debe
Hao wawili wa barua ndio wananiuma. Barua waliyobeba ilimhukumu Hamlet. Yeye akaifungua usiku, akaandika nyingine, akaipiga muhuri wa baba yake, akaamuru wabebaji wauawe bila hata muda wa kuungama. Mnaona? Kufa bila toba, alikomtakia Claudius kwenye sala, kakufanya kwa rafiki zake wa utotoni. Na hakuna mstari unaothibitisha kwamba walijua kilichoandikwa ndani.

#27 Kobe Taratibu
Folio ina mstari usiomo kwenye chapa ya 1604: Hamlet anajitetea kwamba waliitongoza kazi hiyo wenyewe. Utetezi huo unakuja mara tu Horatio anaposema kwamba basi wawili hao ndiyo wamekwenda. Asiyeshtakiwa hajitetei.

Chanzo cha tukio ni Saxo, mwandishi wa Denmark wa karibu mwaka 1200. Kwake Amleth anafanya hivyohivyo, wenzake wawili wananyongwa Uingereza, kisha anajifanya kaudhika na kifo chao, analipwa fidia ya dhahabu, anaiyeyusha na kuimimina ndani ya fimbo zilizotobolewa. Shakespeare kaondoa dhahabu, kaacha maiti.

Na hapohapo kwa Saxo kuna jibu la swali jingine linalosumbua: wazimu wa nini? Kule ami alimuua nduguye na watu wote wanajua. Mtoto anajifanya chizi ili asiuawe naye. Inaeleweka. Shakespeare kaifanya siri, hakuna anayemshuku Hamlet kujua chochote, na ule wazimu badala ya kumficha unamwekea wapelelezi. Ukiona nia ya Hamlet haieleweki, baadhi ya lawama ni ya fundi aliyeng'oa injini ya gari moja akaifunga kwenye bodi la jingine.

#28 Nyundo ya Hoja
#27 hapo unakaribia alichosema mshairi T. S. Eliot mwaka 1919, kwamba tamthilia imeshindwa kisanaa, hisia za Hamlet zimezidi kisa. Sikubali. Siri ya mauaji ndiyo iliyozaa tatizo la ushahidi. Bila hiyo hatuna uzi huu.

#29 Mtu Kwao
Wazimu wenyewe anautumia vibaya. Kabla ya vitara anamwomba Laertes msamaha: aliyekukosea si Hamlet, ni wazimu wake. Lakini alimwambia mama, maiti ya Polonius ikiwa pale chini, kwamba yeye si mwendawazimu, ni hila tu. Huo ni uongo kwa yatima.

#30 Kobe Taratibu
Johnson alilalamikia hilohilo.

#31 Wakili wa Mtaani
Mkitaka kujua Hamlet angekuwaje kama angefanya anachotaka #1, mtazameni Laertes. Baba kafa, anarudi kutoka Ufaransa, anavunja mlango na umati unaotaka awe mfalme, anasema yuko tayari kwa laana. Anaulizwa utamfanya nini Hamlet, anajibu: nitamkata koo kanisani. Claudius, huyohuyo aliyekuwa magotini, anasema hakuna mahali patakatifu panapopaswa kumkinga mwuaji. Matokeo ya haraka yake? Ndani ya onyesho moja kageuzwa chombo cha mfalme, na sumu ya ncha kaitoa mwenyewe mfukoni.

#32 Pwani Mchangani
Na Fortinbras, mwanamfalme wa Norway? Baba yake aliuawa na baba wa Hamlet. Ami yake akamkemea, akaacha kisasi, akaenda kupigania kipande cha ardhi Poland. Mwisho wa tamthilia kiti ni chake, bila kumgusa mtu wa Denmark.

#33 Mtaka Cha Uvunguni
Usimpambe sana. Hamlet anahesabu watu 20,000 wanaokwenda kufa kwa ajili ya kipande hicho kisichotosha hata kuwazika. Na hayo maneno ya Hamlet yamo kwenye chapa ya 1604, Folio haina. Ukisoma Folio, hukutani na Hamlet akijilaumu kwa kuchelewa mara ya mwisho, na "uzembe" wake unapungua sana.

#34 Tarishi
Samahani wakuu, naingilia. Nataka kuisoma, ipo kwa Kiswahili? Na nianze na chapa ipi?

#35 Shangazi Debe
Karibu, mwanangu. Za Shakespeare kwa Kiswahili ninazoweza kukuelekeza ni za Mwalimu Nyerere, Juliasi Kaizari (1963, akairekebisha 1969) na Mabepari wa Venisi (1969), na za S. S. Mushi, Makbeth na Tufani. Makbeth itakusaidia: ni mauaji ya mfalme kutoka upande wa mwuaji. Kwa Hamlet tafuta toleo lenye maelezo chini ya ukurasa na linaloonyesha mistari gani ni ya 1604 na ipi ya Folio. Chapa ya 1603 isome mwisho. Humo Polonius anaitwa Corambis, utachanganyikiwa.

#36 Kalamu Nyeusi
Narudi na jambo la mwisho upande wangu. Angalieni maneno ya Hamlet anapomuua Claudius hatimaye. Anamwita mzinzi wa maharimu, mwuaji, Mdenmark aliyelaaniwa, anamnywesha kikombe, anamwambia: mfuate mama yangu. Baba hatajwi. Mzuka haurudi. Kisasi cha baba hakikutekelezwa kabisa. Aliyelipiwa ni mama, na Hamlet mwenyewe, ambaye tayari anajua ana nusu saa ya kuishi.

#37 Nyundo ya Hoja
Au alingoja mpaka kukawa na ungamo mbele ya baraza. Laertes anasema hadharani, "mfalme ndiye mwenye lawama". SEKUNDE ileile upanga unaingia. Hata hivyo watu wanapiga kelele "uhaini!" Fikiria wangepiga kelele gani usiku wa sala.

#38 Taa ya Jukwaa
Na kabla ya upanga huo kuna kikombe, ambacho Claudius kamwekea Hamlet sumu. Claudius anasema, "Gertrude, usinywe." Anajibu, "Nitakunywa, bwana wangu, uniwie radhi." Mfalme anasema pembeni: ni kikombe cha sumu, nimechelewa. Ukimweka hatua mbili kutoka kwake, watazamaji watauliza mbona hakukipiga teke. Ukimweka ng'ambo ya jukwaa, nyuma ya wachezaji wa vitara, umemsamehe. Mimi namweka karibu.

#39 Shangazi Debe
Weka karibu hasa. Akikipiga teke, amekiri. Kwenye sala alitaja vitu vitatu asivyoweza kuviachia: taji, tamaa yake, na malkia. Hapo kachagua viwili.

#40 Wakili wa Mtaani
Au kaganda tu, Shangazi. Watu huganda. Mstari wenyewe una maneno machache mno kubeba uamuzi wote huo.

#41 Sindano
Swali la kizembe: sumu imo kwenye lulu anayoitumbukiza kikombeni au kwenye mvinyo? Maana yeye mwenyewe Claudius anakunywa kwa afya ya Hamlet.

#42 Taa ya Jukwaa
Maandishi hayasemi. Njia inayokubalika: anakunywa kwanza, halafu ndipo anaitumbukiza lulu na kumpelekea Hamlet kikombe. Kwa hiyo lulu iwe kubwa, ionekane kutoka safu ya nyuma, na ishikwe juu angalau sekunde mbili kabla haijadondoka. Ikidondoka mapema, mfalme anakufa mapema na hesabu ya #1 inavurugika.